Karo imelipwa, leseni ya programu iko wapi?

MSIMU wa kupeleka watoto vyuoni umefika. Kati ya Agosti na Novemba, mabasi yanayopita Busia, Malaba, Namanga, Mutukula, Rusumo na Gatuna hubeba, pamoja na magunia na marobota ya mitumba, vijana wenye masanduku mapya na barua za kujiunga na chuo kikuu upande wa pili wa mpaka. Wengi wao ni watoto wa wasomaji wetu. Karo yao imetoka kwenye mahindi, maharage, vitenge, samaki na vipuri vya pikipiki. Imepita mikononi mwa wabadilisha fedha kabla ya kufika benki, na kila ilipopita imepungua kidogo.

Barua ya kujiunga ina ukurasa wa malipo. Mfanyabiashara aliyezoea kukagua hati za forodha mstari kwa mstari ataona humo mstari mmoja ambao wazazi wengi huulipa bila kuuliza. Chuo kimoja huuita ada ya TEHAMA, kingine ada ya kompyuta, kingine ada ya teknolojia. Tunaandika leo juu ya mstari huo, na hasa juu ya sehemu yake moja: programu za kompyuta zenye leseni ambazo chuo hupaswa kuwapatia wanafunzi na watumishi wake.

Huenda msomaji akauliza gazeti la watu wa mpakani linatafuta nini katika maabara za vyuo. Jibu ni kwamba hasara yake huishia dukani.

Tuchukue mfano. Kijana wa mwaka wa tatu anaambiwa na msimamizi wake achambue madodoso kwa SPSS. Hana programu hiyo, na hajui kama chuo kinayo. Anavuka barabara hadi duka la steshenari mbele ya geti, na kwa bei ya sahani ya chakula anawekewa programu iliyokrakiwa, kama vijana wasemavyo. Kabla ya kuiweka, fundi anazima kinga ya virusi, kwa kuwa kinga ikiachwa wazi itaikataa. Kazi inakwisha, alama zinapatikana. Likizo ikifika, kompyuta hiyo inarudi nyumbani. Mzazi anaomba asaidiwe kupanga orodha ya mali ya duka, flashi inatoka kwenye kompyuta ya mtoto na kuingia kwenye kompyuta ya duka, ile yenye daftari la wadeni, bei za wauzaji wa jumla na kumbukumbu za risiti za kodi. Asubuhi moja mafaili hayafunguki. Mahali pake pana ujumbe wa Kiingereza unaodai malipo.

Hatusemi kwamba kila programu ya steshenari ina virusi. Tunasema kwamba anayeiweka hajui kilichomo, na anayeiuza mara nyingi hajui pia. Mwezi Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea katika nchi zipatazo 150 kwa siku chache, kikifunga mafaili na kudai fidia. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa marekebisho ya kuziba tundu hilo tangu Machi mwaka huohuo. Waliokuwa wamesasisha kompyuta zao walinusurika. Nani hasasishi? Mara nyingi ni yule mwenye Windows ya bandia, aliyeambiwa na fundi wake kwamba akiruhusu masasisho kompyuta itamgundua.

Sasa tuitazame leseni yenyewe, maana neno hilo halina ugeni kwa msomaji wetu. Anayekodi meza sokoni hanunui ardhi ya soko. Hulipia haki ya kukaa pale, kwa muda maalumu, kwa biashara iliyoandikwa. Leseni ya programu iko hivyo hivyo. Mtengenezaji hauzi programu, huuza ruhusa ya kuitumia, na ruhusa hiyo ina mipaka: nani aitumie, kwenye mashine ngapi, kwa kazi gani, hadi lini.

Chuo kikuu kinaponunua ruhusa hiyo, hununua kwa mafungu. Kuna mikataba inayohesabu watumishi wote, mingine inayohesabu watumishi na wanafunzi pamoja, na mingine inayohesabu watu wanaoweza kuifungua programu kwa wakati mmoja, ili wa thelathini na moja asubiri mmoja wa thelathini atoke. Baada ya mkataba, ufunguo wa mwanafunzi ni barua pepe ya chuo. Akiingia kwa anwani hiyo, programu humtambua kuwa ni wa chuo na kumfungulia. Asipokuwa na anwani hiyo, yeye ni mpita njia tu, hata kama karo imelipwa yote.

Mambo haya si ya kufikirika. Microsoft hutoa kwa vyuo vinavyostahili ngazi iitwayo A1 bila malipo: mwanafunzi na mhadhiri hupata Word, Excel na PowerPoint za kutumia kupitia mtandao, pamoja na barua pepe na nafasi ya kuhifadhi mafaili. Anayetaka kuziweka ndani ya kompyuta ili zifanye kazi hata intaneti ikikatika huhitaji ngazi ya kulipia. Autodesk, wanaotengeneza AutoCAD ya wachora ramani za majengo, huwapa wanafunzi bure kwa mwaka mmoja mmoja, mradi wathibitishe kila mara kwamba bado wanasoma. MATLAB ya wahandisi huuzwa kwa chuo kizima. SPSS, ambayo ni mali ya IBM tangu 2009, ndiyo inayowasumbua wengi, kwa sababu ni ghali na kila mhadhiri wa biashara, elimu na afya ya jamii anaitaja.

Ikumbukwe pia kwamba cha bure kina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kubadili masharti. Kulikuwa na ngazi iliyoitwa A1 Plus, iliyowaruhusu watu wa vyuo kuweka Office ndani ya kompyuta bila malipo. Microsoft iliifunga tarehe 1 Agosti 2024. Chuo kilichokuwa kimeitegemea kililazimika ama kulipa au kuwarudisha watu wake kwenye matumizi ya mtandaoni. Mwanafunzi aliyekuwa kijijini, ambako mtandao hushika ukipanda kilimani, ndiye aliyeusikia uamuzi huo zaidi.

Tatizo letu la kwanza na vyuo vya ukanda huu ni ukimya. Vipo vyenye mikataba mizuri ambayo wanafunzi hawaijui. Habari zake zimewekwa mahali ambapo ni mtu wa ofisi ya TEHAMA tu anayepita, kwa lugha ambayo ni mtu wa ofisi ya TEHAMA tu anayeielewa. Chuo kimelipa dola, leseni zimelala, na nje ya geti steshenari inaendelea kuuza bandia. Mfanyabiashara anayelipia ghala na kuacha mali nje inyeshewe angechekwa na soko zima.

La pili linawagusa watoto wa mpakani moja kwa moja. Katika vyuo vingi barua pepe ya chuo haitolewi mpaka usajili ukamilike, na usajili haukamiliki mpaka karo, au sehemu kubwa yake, iwe imeingia. Mzazi wa mshahara hulipa mwisho wa mwezi. Mzazi wa mpakani hulipa lori likifika, na lori likikwama siku nne kwenye foleni, au bei ya mahindi ikianguka upande wa pili, mtoto anakaa darasani wiki sita bila akaunti. Anafanya kazi za darasani kwa programu ya bandia si kwa kupenda wizi bali kwa sababu tarehe ya kuwasilisha haimsubiri. Tunaelewa kwa nini chuo kinazuia cheti au matokeo kwa asiyelipa. Kuzuia akaunti ya kujifunzia, ambayo haikiongezei chuo gharama yoyote ya maana, ni jambo ambalo hatujaona sababu yake.

La tatu ndilo linalotukera zaidi. Mhadhiri anaagiza kazi ifanywe kwa programu ambayo chuo chake hakina leseni yake. Anajua. Mara nyingine yeye mwenyewe anatumia iliyokrakiwa, hasa akiwa mhadhiri wa muda anayefundisha vyuo vitatu na asiye na akaunti ya watumishi katika chochote kati ya hivyo. Anaigawa kwa flashi darasani kana kwamba anagawa chaki. Nchi zetu zina sheria za hakimiliki zinazolinda programu za kompyuta: Tanzania tangu 1999, Kenya 2001, Uganda 2006. Anayempa mwanafunzi wake kosa la kisheria kama sehemu ya mtaala hana haki ya kumhubiria siku ya mahafali juu ya maadili ya kazi.

Na halazimiki kufanya hivyo. R, programu ya takwimu iliyoanzia Auckland, New Zealand, katika miaka ya 1990, ni ya bure na hutumiwa na watafiti dunia nzima. Kwa anayeogopa kuandika amri, ipo JASP ya Chuo Kikuu cha Amsterdam, yenye vitufe vya kubofya. Ipo PSPP, iliyotengenezwa makusudi kuchukua nafasi ya SPSS, na sura yake inafanana nayo. Kwa ramani ipo QGIS. Kwa barua na mahesabu ipo LibreOffice. Hizi pia zina leseni, ila leseni zake zinamruhusu mtu kuzitumia, kuzinakili na kumpa jirani. Msimamizi anayeandika kwenye mwongozo wa tasnifu kwamba uchambuzi ufanywe kwa SPSS tu anaweza kuongeza maneno matatu, "au programu inayolingana", na tatizo la nusu ya darasa likaisha.

Lakini hatutaki vyuo vikimbilie programu huria na kuacha kila kitu. Zipo kazi zinazohitaji programu ya kulipia, na mwajiri wa kesho atauliza kama kijana anaijua. Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo wasomaji wetu wanalijua kuliko maprofesa: kununua kwa jumla.

Mwanamke wa Busia anayehitaji marobota mawili ya mitumba haendi peke yake kwa mwenye kontena. Anatafuta wenzake, wanachanga, mmoja anasimamia, na bei inashuka. Vyuo vyetu vinakwenda kwa wakala wa programu kimoja kimoja, kila kimoja na ofisa wake wa ununuzi, kila kimoja kikibembeleza bei yake kwa dola, huku ada zikiwa zimekusanywa kwa shilingi au faranga. Chuo kikubwa kinapata nafuu kidogo. Chuo kidogo cha mkoani kinatajiwa bei inayokikatisha tamaa, kinaacha, na wanafunzi wake wanavuka barabara kwenda steshenari.

Kinachoshangaza ni kwamba wakutubi wa vyuo hivyohivyo walikwisha kuonyesha njia. Kenya wana KLISC, Uganda wana CUUL, Tanzania wana COTUL. Ni miungano ya maktaba ambayo kazi yake mojawapo ni kuvipatia vyuo vyake majarida ya kielektroniki kwa pamoja badala ya kila maktaba kuhangaika peke yake. Upande wa intaneti ni hivyohivyo: KENET ya Kenya, RENU ya Uganda na TERNET ya Tanzania ni mitandao ya vyuo na taasisi za utafiti, na huunganika na wenzao wa Afrika kupitia UbuntuNet Alliance. Uingereza, taasisi iitwayo Jisc hujadiliana na makampuni ya programu kwa niaba ya vyuo, kisha chuo kinachotaka kinaingia kwenye makubaliano yaliyokwisha pangwa. Sisi tuna vyombo vya kununulia intaneti kwa pamoja na vya kununulia majarida kwa pamoja. Programu tumeziacha zinunuliwe rejareja.

Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, linaweza kuanza kazi hii. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya waliitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu, maana yake mwanafunzi ahame na masomo yake yatambuliwe bila kuanza upya. Lakini leo mwanafunzi anayetoka chuo cha Kigali kwenda kusoma muhula mmoja Dar es Salaam anaweza kukuta chuo cha pili hakina programu aliyofundishiwa katika cha kwanza. Kazi aliyoianza haifunguki. Alama zake zinavuka mpaka, zana zake zinabaki.

Tunajua vikwazo vipo, na wengine watavitaja kabla hatujamaliza kuandika. Makampuni hupanga bei kwa nchi na hayapendi mkataba unaovuka mipaka. Kodi ya huduma zinazonunuliwa nje haifanani kati ya nchi na nchi. Vyuo vya Burundi na Kongo hufundisha kwa Kifaransa na vitataka mafunzo na maelekezo ya Kifaransa. Chuo kikubwa kitaogopa kwamba kinawabeba wadogo. Haya yote ni kweli, na yote yanafanana na maneno tuliyoyasikia kuhusu forodha. Hata hivyo leo mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zisizozidi thamani ya dola 2,000, hupata cheti rahisi cha uasili mpakani na kuvuka bila kutozwa ushuru wa forodha. Utaratibu huo nao ulianza na watu wakisema hauwezekani. Si lazima vyuo vyote vianze pamoja. Vyuo kumi kutoka nchi tatu, kwa programu mbili tu, vingetosha kuonyesha bei inashuka kiasi gani.

Wakati hilo likisubiriwa, kuna linaloweza kufanyika wiki hii bila mkutano wowote. Kila chuo kibandike kwenye meza ya usajili karatasi moja, kwa Kiswahili, au Kifaransa pale kinapotumika, inayotaja programu zilizolipiwa, nani anaruhusiwa kuzitumia, zinapatikanaje, na kama zinafanya kazi nje ya chuo au ndani ya maabara tu. Hilo la mwisho ni muhimu kwa mtoto anayerudi nyumbani likizo kilomita 600. Na mzazi, au kijana mwenyewe akiwa na stakabadhi mkononi, aulize pale pale: ada hii ya TEHAMA imenunua programu gani, na barua pepe yangu ya chuo itafunguliwa lini? Msajili akikosa jibu, amwelekeze kwa mwenye jibu. Ni swali la mteja aliyelipa.

Kwa wasomaji wetu wenye maduka tuna neno ambalo huenda lisipendeze. Leseni aliyopewa mtoto na chuo ni ya kusomea. Haikutolewa kwa ajili ya hesabu za duka, ankara za wateja wala barua kwa wakala wa forodha, na masharti yake kwa kawaida yanasema hivyo. Tunafahamu kishawishi: Excel ya chuo ni halali, inafanya kazi vizuri, na kijana anaijua. Ubaya wake mkubwa zaidi hauko kwenye sheria. Akaunti ya chuo ina mwisho. Kijana akihitimu, chuo huifunga, baadhi kwa kutoa taarifa miezi kadhaa kabla, wengine kimyakimya. Daftari la wadeni lililokuwa kwenye hifadhi ya mtandaoni ya akaunti hiyo linaondoka nalo, na hakuna ofisi ya chuo itakayomrudishia mtu daftari la duka ambalo halikupaswa kuwa pale.

Duka lisiloweza kulipia Office linaweza kutumia LibreOffice bila malipo na bila woga. Sehemu yake ya mahesabu, iitwayo Calc, hufungua mafaili mengi ya Excel yaliyopo tayari, ingawa yale yenye amri ngumu huweza kuyumba kidogo. Wenye kompyuta za mitumba kutoka Dubai na Ulaya waangalie pia toleo la Windows: msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani haziwezi kupokea toleo linalofuata. Kompyuta yenye daftari la biashara isiachwe katika hali hiyo ikiwa imeunganishwa na intaneti. Kijana wa nyumbani anayesoma kompyuta anaweza kuiwekea Linux kwa mchana mmoja, baada ya kuhakikisha kwamba mashine ya risiti au mfumo wa kodi unaotumika dukani unakubaliana nayo.

Na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho asisubiri mahafali. Mafaili ya tasnifu, picha, vyeti vilivyopigwa picha na anwani za watu aliokutana nao vyote vinakaa ndani ya akaunti ambayo si yake. Avinakili kwenye diski ya nje mwezi wa mwisho wa masomo, na abadilishe anwani ya barua pepe kila alikojiandikisha kwa ile ya chuo, kuanzia benki hadi maombi ya kazi, wakati bado anaweza kuingia.